Nambari ya Tatu kwenye Mashine ya Presha

Mashine ya kupima presha inayofungwa mkononi huonyesha nambari tatu. Mbili za juu wakazi wengi wa Kwale wamezizoea. Mtu akitoka kliniki atasema presha yake ni 130 kwa 80, na jirani ataelewa. Ya tatu, ile iliyo chini karibu na alama ndogo ya moyo, mara nyingi haisomwi kwa sauti wala haiandikwi kwenye kitabu cha mgonjwa. Hiyo ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kwa mtu aliyefika zahanati akiwa ameshika kifua, nambari hiyo iliyosahauliwa inaweza kuwa ndiyo inayoonyesha kama anaweza kungoja kwenye benchi au anastahili kupitishwa mbele ya foleni sasa hivi.

Mashine zenyewe zimesogea karibu na watu. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini mikoba ya kazi, na miongoni mwa vilivyomo ni mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Mhudumu anayezunguka nyumba kwa nyumba kule Ndavaya au Vanga anaweza kupata nambari zote tatu kabla hata gari halijatafutwa. Kilichobaki ni kujua ile ya tatu inasema nini kuhusu mtu anayeshukiwa kupata mshtuko wa moyo, na muhimu zaidi, haisemi nini.

Moyo unaponyimwa damu

Mshtuko wa moyo hutokea pale mmoja wa mishipa inayoulisha msuli wa moyo wenyewe unapozibwa, kwa kawaida na donge la damu lililoganda juu ya mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa kwa miaka mingi. Sehemu ya msuli iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa safi na kuanza kufa. Haifi yote kwa mara moja. Inachukua saa kadhaa, na ndiyo sababu madaktari huhesabu dakika. Dawa ya kuyeyusha donge hufaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo. Saa 12 zikipita tangu maumivu yaanze, faida yake huwa imepungua sana.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 za damu kwa kila pigo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, damu inayozunguka mwilini ni karibu lita 5. Msuli ukijeruhiwa, na pigo moja likawa linatoa mililita 45 tu, mwili bado unadai zile lita 5. Njia ya haraka ya kuzipata ni moyo kupiga mara nyingi zaidi, kama mara 110 hivi. Mvuvi wa Shimoni ambaye upo wake umevunjika akabaki na kikombe anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa darasani: maji yanaingia chomboni kwa kasi ileile, kwa hiyo mkono lazima uende mbio.

Tatizo ni kwamba mbio hizo zina gharama. Msuli wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea, katika kile kipindi kifupi kati ya pigo na pigo. Mapigo yakiharakishwa, kipindi hicho ndicho kinachofupishwa zaidi. Moyo uliokwisha kunyimwa damu unajikuta unafanya kazi nyingi zaidi kwa chakula kichache zaidi. Ndiyo maana mapigo ya haraka kwa mgonjwa wa namna hii ni dalili ya hatari, na wakati huohuo ni chanzo cha hatari nyingine.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika huhesabiwa kuwa ya kawaida. Wenye miili iliyozoea kazi au mazoezi mazito, kama wapiga makasia na wakimbiaji, wanaweza kuwa na 50 na wakawa wazima kabisa.

Alama zinavyohesabiwa hospitalini

Daktari haitazami nambari hiyo peke yake. Moja ya njia zinazotumika sana duniani kupima uzito wa hali ya mgonjwa wa moyo inaitwa GRACE. Ilitokana na orodha kubwa ya wagonjwa iliyoanza kukusanywa mwaka 1999 katika nchi 14, na hesabu yake ya uwezekano wa mgonjwa kufia hospitalini ilichapishwa mwaka 2003 kutokana na kumbukumbu za wagonjwa 11,389. Mambo manane hupewa alama: umri, mapigo ya moyo, presha ya juu, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, dalili za moyo kushindwa kama vile maji kwenye mapafu, kama moyo ulisimama kabla ya kufika, mabadiliko kwenye mchoro wa ECG, na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba msuli wa moyo umejeruhiwa, kama troponini.

Mfano utaonyesha uzito wa mapigo katika hesabu hiyo. Wanaume wawili wa miaka 62, mmoja kutoka Tiwi na mwingine kutoka Kinango, wamefika hospitalini wakilalamika kifua. Presha ya juu ya kila mmoja ni 130. Figo zao zinafanya kazi sawa, mapafu hayana maji, ECG ya kwanza haijaonyesha kitu na troponini ya kwanza haijapanda. Kwa umri wao kila mmoja anapata alama 58, kwa presha 34, kwa figo 7. Tofauti yao ni moja tu. Wa Tiwi ana mapigo 68, ambayo ni alama 3. Wa Kinango ana mapigo 115, ambayo ni alama 24. Jumla ya wa kwanza ni 102, na yuko katika kundi la hatari ndogo, ambalo huishia alama 108. Jumla ya wa pili ni 123, na amekwisha kuingia kundi la hatari ya kati, linaloanzia 109 hadi 140. Zaidi ya 140 ni hatari kubwa. Mapigo peke yake yamemhamisha mtu kundi.

Katika mambo hayo manane, umri, mapigo na presha hupatikana bila maabara na kwa dakika mbili. Kwa zahanati isiyo na ECG wala troponini, hilo si jambo dogo.

Lakini alama za GRACE zina upungufu ambao mkazi wa Kwale anafaa kuujua. Zile nchi 14 zilikuwa za Ulaya, za bara la Amerika, pamoja na Australia na New Zealand. Hakuna hata moja ya Afrika. Wagonjwa hao walihudumiwa katika hospitali zenye vipimo hivyo. Mtu aliyetoka Mwereni na kufika hospitalini saa tisa baada ya maumivu kuanza si sawa nao, hata kama nambari zake zinafanana. Alama hizo zinafaa kupanga nani aanze kuhudumiwa. Kuzitumia kumhakikishia mtu kwamba hatakufa ni kuzibebesha mzigo usio wao.

Kuna hesabu nyingine rahisi zaidi, inayofanyika kwa kalamu au kwa simu: mapigo yanagawanywa kwa presha ya juu. Wapasuaji Allgöwer na Burri waliipendekeza mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza damu, na baadaye ikaonekana kusaidia pia kwa wagonjwa wa moyo. Mtu mzima mwenye afya hupata kati ya 0.5 na 0.7. Mwenye mapigo 70 na presha ya juu 130 anapata 0.54. Mwenye mapigo 110 na presha 100 anapata 1.1, na huyo hafai kuketi benchi hata kama anazungumza vizuri na anasema maumivu yamepungua. Moyo wake unakimbia na presha inashuka. Mambo hayo mawili yakienda pamoja, mwili unakaribia kushindwa kujitegemea.

Hesabu hii nayo hudanganywa na presha ya muda mrefu. Mtu ambaye kila siku presha yake ni 180, akifika na 130 anaonekana yuko sawa kumbe imeporomoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, unaojulikana kama STEPS, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa kabisa. Mtu asiyejua presha yake ya kawaida anamnyima daktari kipimo cha kulinganisha siku ya dharura. Kupimwa presha siku ambayo mtu ni mzima, na kuiandika mahali, kuna faida hiyo ambayo huwa haitajwi.

Mapigo mazuri si cheti

Hapa ndipo penye kosa linaloua. Mtu amebanwa kifua, anapimwa, mashine inasoma 76, kila mmoja anashusha pumzi, anapewa dawa ya gesi na kurudi nyumbani. Mapigo 76 hayamaanishi kwamba hakuna mshtuko wa moyo. Yanamaanisha kwamba, kwa dakika hiyo, moyo bado unaweza kusukuma damu bila kukimbia. Mapigo hupima uzito wa hali ya mgonjwa, hayatambui ugonjwa. Ugonjwa hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, ECG na troponini, na mara nyingi troponini hurudiwa baada ya saa chache kwa sababu inaweza kuwa haijapanda mwanzoni.

Wapo watu ambao mapigo yao hayawezi kupanda hata moyo ukiwa taabani. Wanaotumia dawa za presha au za moyo za kundi la atenololi, bisoprololi na kavediloli wamefungiwa breki, na hiyo ndiyo kazi ya dawa hizo. Mtu wa aina hiyo akiwa na mapigo 90, daktari mwangalifu atayachukulia kwa uzito zaidi kuliko 90 ya mtu mwingine. Ndiyo maana ni lazima paketi za dawa zifuatane na mgonjwa, hata zilizokwisha.

Wenye kisukari cha miaka mingi wana tatizo jingine. Sukari huharibu mishipa ya fahamu, ikiwemo ile inayopeleka habari ya maumivu na ile inayoongoza kasi ya moyo. Anaweza asihisi kifua kubana kabisa. Akahisi tu uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, jasho la baridi au kichefuchefu. Wanawake na wazee pia mara nyingi hupata dalili za namna hiyo zisizo wazi. Mama wa miaka 65 mwenye sukari anayekaa ghafla akitokwa na jasho katikati ya kupika, akasema ni kiungulia, anahitaji ECG kabla ya dawa ya kiungulia.

Halafu kuna mapigo ya polepole. Mshipa wa kulia wa moyo, kwa watu wengi, ndio unaolisha ile sehemu inayoanzisha kila pigo na ile inayolipitisha kwenda chini. Ukiziba, mapigo yanaweza kushuka hadi 40 au chini yake, na mgonjwa akazimia. Jambo la kushangaza ni kwamba katika alama za GRACE mapigo yaliyo chini ya 50 hupewa sifuri, kana kwamba ni salama kuliko yote. Si salama. Mtu aliyebanwa kifua, ana kizunguzungu na mapigo yake yako chini ya 50 ni wa dharura, na hakuna jedwali la alama linaloweza kubadilisha hilo.

Upande mwingine, mapigo ya haraka hayana maana moja. Malaria, homa ya mapafu, upungufu wa damu, kuishiwa na maji mwilini kwa kuhara, hofu, hata kupanda mlima kwa miguu kufika zahanati, vyote huupeleka moyo mbio. Kwa Kwale, ambako homa ni jambo la kila msimu, mhudumu hawezi kusema kila mwenye mapigo 110 ana moyo. Anachotafuta ni mapigo hayo yakiambatana na maumivu au uzito katikati ya kifua, unaoweza kwenda begani, mkono wa kushoto, shingoni au tayani, unaodumu zaidi ya dakika 15 au 20 na usiobadilika mtu akijigeuza au akibonyezwa.

Pigo na pigo, na nafasi iliyo kati yake

Watafiti wamechimba zaidi ya idadi. Moyo wenye afya hauendi kama saa ya ukutani. Mtu akivuta pumzi unaharakisha kidogo, akiitoa unapunguza. Kati ya pigo na pigo panaweza kupita milisekunde 820, kisha 870, kisha 790. Tofauti hizo huletwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili inayovutana, mmoja ukikanyaga mafuta na mwingine ukikanyaga breki. Baada ya mshtuko wa moyo, ule wa breki hudhoofika na mapigo huanza kwenda sawasawa mno, kama ngoma ya kinanda.

Mwaka 1978 watafiti nchini Australia waliripoti kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo ambao mapigo yao yalikuwa na tofauti hizo walikufa kwa uchache hospitalini kuliko wale ambao mapigo yao hayakuwa nazo. Mwaka 1987 Robert Kleiger na wenzake walitoa matokeo ya watu 808 waliookoka mshtuko wa moyo na kurekodiwa mapigo kwa saa 24. Wale ambao tofauti kati ya mapigo yao ilikuwa chini ya milisekunde 50 walikabiliwa na hatari ya kufa mara 5.3 zaidi ya wale waliopita milisekunde 100. Katika miaka ya karibuni, Hospitali Kuu ya Singapore imejaribu kipimo hicho kwa wagonjwa wanaofika idara ya dharura na maumivu ya kifua, kikiunganishwa na presha, mapigo na ECG, kwa rekodi ya dakika chache tu badala ya siku nzima.

Kazi hiyo ina matumaini, hasa kwa mahali ambapo troponini ni haba, kwa sababu mashine ya ECG ndiyo hiyo hiyo na kinachoongezwa ni programu. Bado haijawa kipimo cha kawaida cha kuamulia matibabu. Hakifanyi kazi vizuri kwa mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio, na hao ni wengi miongoni mwa wazee, wala kwa aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo. Saa za mkononi za kisasa, ambazo wageni wengi wa Diani na vijana wa Ukunda huvaa, huonyesha nambari ya aina hiyo pia. Nambari hiyo ya saa haijatengenezwa kuamua kama maumivu ya kifua ni ya moyo, na mtu asibaki nyumbani kwa sababu saa yake imesema yuko vizuri.

Kilichoonekana Moshi

Uzito wa jambo hili kwa ukanda huu ulidhihirika ng'ambo ya mpaka. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwafuatilia watu wazima waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, na kila mmoja akapimwa ECG na troponini. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la mshipa wa moyo kuziba. Wengi wao hawakutambuliwa katika huduma ya kawaida, na wengi hawakupewa hata aspirini. Kabla ya hapo ilizoeleka kusemwa kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa adimu katika sehemu hii ya dunia. Uhaba ule ulikuwa wa vipimo.

Moshi ni mji wenye hospitali kubwa. Kwa Kwale umbali huongeza yake. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni kama kilomita 50, kisha kivuko, kabla ya kufika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi bado huiita Makadara. Mgonjwa wa Kisiwa cha Wasini huanza kwa boti hadi Shimoni. Kwa safari za namna hii, nani aondoke kwanza na nani anahitaji muuguzi wa kumsindikiza ni uamuzi unaofanywa kwa vitu vichache vilivyopo, na mapigo ni kimojawapo.

Kabla gari halijafika

Mtu anayeshukiwa kupata mshtuko wa moyo akalishwe mahali penye hewa, aegemee, asitembezwe hadi stejini. Gari liitwe kwanza. Kupima ni baadaye. Pikipiki haifai kwa mtu anayeweza kuzimia njiani, na gari la jirani ni bora. Aliye na maumivu asiendeshe mwenyewe. Nambari za dharura za kitaifa ni 999 na 112, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kupiga simu kituoni ili mgonjwa angojewe. Kwa wanaotoka visiwani, simu hiyo ipigwe kabla boti haijaondoka. Kupitia duka la dawa kwanza ni kupoteza muda ambao msuli wa moyo hauna.

Gari likingojewa, mapigo yahesabiwe. Bila mashine, vidole viwili, cha shahada na cha kati, huwekwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya gumba la mgonjwa. Kidole gumba cha anayepima kisitumike kwa kuwa kina mpigo wake. Mapigo huhesabiwa kwa sekunde 30 kwa saa ya simu, kisha jumla inazidishwa mara mbili. Yakienda bila mpangilio, leo haraka kesho taratibu kama wasemavyo watu, yahesabiwe dakika nzima, na hilo la kukosa mpangilio liandikwe, maana mashine za presha hukosea kwa wagonjwa wa aina hiyo. Baada ya dakika 10 au 15 yahesabiwe tena. Mtu aliyeanza na 88, akawa 104, kisha 118, anaeleza habari ambayo kipimo kimoja hakiwezi kuieleza.

Mgonjwa aliye macho, asiyedhuriwa na aspirini, asiyetapika damu wala kuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja, anaweza kupewa aspirini ya miligramu 300 aitafune, si kuimeza nzima. Akiwa na dalili za kiharusi, kama mdomo kwenda upande au mkono kulegea, asipewe. Panapokuwa na mhudumu au simu ya kituo, aulizwe kwanza.

Karatasi ndogo ifuatane naye. Maneno kama "moyo unamwenda mbio" hayamsaidii sana daktari. Yanayomsaidia ni haya: maumivu yalianza saa 10 alfajiri, saa 10 na dakika 40 mapigo 112, presha 105 kwa 70, aspirini saa 10 na dakika 45, ana sukari, anatumia dawa hizi. Saa ya kuanza maumivu ni ya thamani kubwa kwa sababu ndiyo inayoamua kama dawa ya kuyeyusha donge bado inafaa. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anapofika kwenye kituo chenye mashine ya ECG, lengo linalokubalika duniani ni achorwe ndani ya dakika 10. Ndugu aliyemleta ana haki ya kuuliza kwa heshima kama kimefanyika.

Akianguka, haitikii na hapumui kawaida, mapigo yasitafutwe tena. Katikati ya kifua pabonyezwe kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, watu wakipokezana hadi msaada ufike.

Kuhusu malipo, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hiyo haiondoi faida ya kujisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili hufanyika kwa simu kupitia *147#, na ni rahisi zaidi siku ambayo hakuna anayeumwa.

Waliookoka na kurudi nyumbani wana jambo moja la kuangalia. Wengi hupewa zile dawa zinazofunga breki ya mapigo. Mtu akiona mapigo yake yamekuwa 58 na anajisikia vizuri, hushawishika kuacha, au dozi inaisha na nauli ya kwenda Msambweni haijapatikana. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuurudisha moyo kwenye mbio na kuleta maumivu upya, wakati mwingine mshtuko mwingine. Vidonge vikibaki vya wiki moja, huo ndio wakati wa kumwambia mhudumu wa afya wa kijiji. Naye akija na mkoba wake, mapigo yaandikwe kwenye kitabu pamoja na presha, ili kliniki ijayo daktari aone yalivyokwenda mwezi mzima.